Nilisifu Mvua Haijaninyea

Simu ilifika Kitale na basi la usiku, ikiwa kwenye boksi lililofungwa utepe kama zawadi ya harusi. Niliichukua kwenye ofisi ya vifurushi, nikatia sahihi, na kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshapakia picha ya boksi mtandaoni. Hakuna aliyenilazimisha. Barua iliyokuja nayo ilikuwa na aya mbili tu: kwamba wanaipenda kazi yangu, kwamba wangefurahi kusikia maoni yangu ya kweli, na kwamba nikipenda naweza kutumia hashitagi yao. Nikipenda! Nilipenda sana, bana. Nilikuwa nimeandika blogu miaka minne bila mtu yeyote wa Nairobi kujua kama nipo.

Video niliirekodi siku ya nne. Ilikuwa asubuhi, mawingu hayajashuka, Mlima Elgon unaonekana vizuri nyuma yangu. Nilisifu kamera, nikasifu betri, nikasifu jinsi simu inavyokaa mkononi. Kasoro nilitaja moja tu, kwamba spika yake ina sauti ya mtu mwenye mafua. Leo nikiitazama ile video naona wazi kwamba hiyo kasoro haikuwa kwa ajili ya mnunuzi. Ilikuwa kwa ajili yangu, nionekane mkweli. Kisha nikamalizia na yale maneno tunayoyajua sote: maoni haya yote ni yangu mwenyewe.

Na yalikuwa yangu. Nimeitazama mara nyingi nikitafuta uongo, sijaupata.

Miezi mitatu baadaye nilishuka Bungoma kwa matanga. Jioni, mtoto wa shangazi yangu, ambaye anaendesha boda steji ya Kanduyi, alinivuta kando akatoa simu mfukoni. Simu ileile, hadi rangi. Ilikuwa imejifunga, na kwenye kioo kuna maandishi ya kumtaka alipe ndipo ifunguke. Mvua ilikuwa imepiga siku tatu mfululizo, abiria wamepotea, na yeye hakuwa na ya kulipa.

"Cuzo, si hii ndiyo ulisema ni poa?"

Nikamuuliza mbona hakunipigia kabla ya kununua.

"Nikupigie nikuulize nini, na ulikuwa umeshasema?"

Tulikaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya hema tukapiga hesabu. Malipo ya kwanza alitoa 3,500. Halafu ni bob 65 kila siku, mwaka mzima, ambazo zinafika 23,725. Jumla 27,225. Dukani, kwa pesa taslimu, simu hiyo ilikuwa 16,500. Tofauti ni 10,725, na hapo hatujahesabu siku ambazo simu imejifunga na mteja anayempigia hampati. Siku ya kununua hakuwa na 16,500. Alikuwa na 3,500, na alihitaji simu yenye ramani na M-Pesa kwa sababu ndiyo kazi. Hilo sina neno nalo. Wengi wetu tumenunua kitu hivyo, kuanzia taa ya sola hadi sofa.

Neno langu ni kwangu mimi. Usiku ule, nikiwa nimelala kwa shangazi, niliifungua video yangu nikaisikiliza yote, dakika tatu na nusu, nione kama nilitaja bei. Sikutaja. Ya taslimu sikutaja, ya polepole sikutaja. Na si ati niliambiwa nisitaje. Haikunijia tu akilini, kwa sababu sikulipa. Methali inasema aisifuye mvua imemnyea. Mimi nilisifu nikiwa chini ya paa, na aliyenyeshewa ni mtu wa Kanduyi.

Mjadala wa makampuni kuwapa mabloga vitu vya bure, kila unapozuka, huwa ni uleule. Upande mmoja unasema mkono uliopokea hauwezi kuandika ukweli. Upande wa pili unasema mimi sinunuliki na blenda. Katikati wanaingia wenye busara: pokea, lakini sema umepokea. Tume ya Biashara ya Marekani iliandika hivyo kwenye mwongozo wake mwaka 2009, kwamba bloga akipewa pesa au bidhaa lazima aseme. Kwetu, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza madai ya uongo na ya kupotosha, na maadili ya wanahabari yaliyowekwa kwenye sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 yalimtaka mwanahabari asipokee zawadi kutoka kwa mtu anayetaka kuathiri habari yake. Bloga wa Kitale mwenye simu mpya mkononi si mwanahabari, au angalau hivyo ndivyo anavyojiambia siku boksi likifika.

Nilikuwa katika kundi la wenye busara. Nilidhani kosa langu ni kwamba sikusema waziwazi kuwa nimepewa. Kwa hiyo pale nyuma ya hema niliungama: cuzo, hii simu walinipa bure.

Akacheka. "Hiyo nilijua. Nani angekununulia? Nilidhani wamekupa kwa sababu unajua simu."

Hapo ndipo nilipokwama, na bado sijatoka. Alijua. Kungekuwa na alama ya tangazo ya kimo cha nyumba kwenye ile video, bado angenunua, kwa sababu kwake kupewa ni cheti. Kampuni haiwezi kumpa mjinga. Kile alichohitaji kutoka kwangu kilikuwa kitu kingine: mtu anayehisi 65 kila asubuhi kabla hajatia mafuta, kisha aseme kama kamera inafaa uchungu huo. Mimi sikuwa na uchungu wa kulinganisha. Zawadi haikunifanya niseme uongo. Iliniondolea ile hisi moja ambayo ndiyo rivyu yenyewe.

Sisi tunaosoma hadithi na kuzihakiki tungepaswa kuliona hili mapema, kwa sababu liko kwenye lugha. Sikiliza sentensi za rivyu za bure. "Nimepata fursa ya kuijaribu." Umepata wapi, uliiokota? "Nimebarikiwa na familia ya" kampuni fulani. Kampuni imekuwa familia, na bidhaa imekuwa baraka, na baraka haina bei. Ukiuliza bei ya baraka unaonekana huna adabu. "Imeingia nyumbani kwangu." Imeingia yenyewe, kama paka. Mtendaji anayetoa na sababu ya kutoa vimefutwa kwa ustadi ambao ukiuona kwenye riwaya utausifu. Na kile kitenzi cha kawaida kabisa, "kununua", hakionekani mpaka sentensi ya mwisho, na hapo tayari kimehamishiwa kwa mwingine: nunua, bonyeza hapa, waambie nimekutuma mimi. Niliandika sentensi hizi zote. Naweza kuzikariri.

Na kuhusu neno lenyewe, wanaotuita influensa: ukiliandika kwa Kiswahili linafanana na jina la homa. Sitaki kulifanyia utani zaidi ya hapo.

Siku ya kurudi Kitale nilikaa dirishani. Kutoka Bungoma unapita Webuye, unapinda kuelekea Misikhu, Kamukuywa, Kiminini, na msimu wa mahindi njia nzima ina vibao. Kila baada ya mwendo kidogo, kando ya lami, kuna shamba lenye kibao cha kampuni ya mbegu na namba ya mbegu yenyewe. Tumekua tukivisoma ndani ya matatu kama watu wa Nairobi wanavyosoma mabango ya barabara ya Mombasa. Mwenye shamba hilo hupewa mbegu bure, mara nyingi na mbolea juu yake, ili majirani waone. Haya si mambo ya jana. Kenya Seed ilianzia Kitale mwaka 1956, na mahindi chotara ya kwanza nchini, H611, yaliyotoka mwaka 1964, yalizaliwa Kitale kwa kuchanganya mbegu ya hapa na nyingine kutoka Ecuador. Mkulima hawezi kuacha mbegu ya babu yake kwa sababu ya tangazo la redio peke yake. Anataka kuona kwa jirani. Kwa hiyo kabla hata ya intaneti kufika, tulikuwa tayari na washawishi: wazee wenye mashamba ya barabarani.

Mwanzoni nilitaka kuandika kwamba mzee huyo ni mwaminifu kuniliko, na kwa kiasi ni kweli. Kibao chake kinasema mbegu ni ya nani, kwa herufi kubwa, kuanzia siku ya kupanda. Na mahindi yanasimama pale miezi sita au zaidi. Hayana kuhaririwa. Yakiwa ya njano, matatu nzima inaona. Yakilala na upepo, matatu nzima inacheka. Mimi nilikaa na simu siku nne nikaitolea hukumu. Nani alishawahi kuhukumu mahindi siku ya nne?

Lakini nikikumbuka zaidi, kibao nacho kina ujanja wake. Kinasema mbegu. Hakisemi kwamba afisa wa kampuni alikuja kila baada ya wiki mbili kuangalia wadudu, wala kwamba mbolea ya kupandia ilikuwa kamili na ya kukuzia ikaja kwa wakati. Jirani anaona mahindi yamebeba magunzi mawili mawili, anaenda agroveti, ananunua pakiti ya mbegu, basi. Mbolea anaweka nusu kwa sababu ndicho alichonacho. Akivuna kidogo anajilaumu mwenyewe, au anaulaumu udongo. Amenunua kimoja kati ya vitu vinne alivyoviona.

Kwa ground, hata hivyo, kuna dawa ya huo ujanja, na dawa hiyo ni ua la shamba. Watu husimama pale wakauliza: mzee, mifuko mingapi? Nani alilipia palizi? Ukivua tofauti yote, faida iko wapi? Na mzee, kwa kuwa ataonana nao kanisani Jumapili, anajibu. Kukhu yangu, mama ya baba, hakuwahi kununua mbegu bila kwanza kwenda kwenye ua la mtu. Alikuwa hajui kusoma kibao, na pengine hiyo ilimsaidia. Mimi kwenye ile video sikuwa na ua. Cuzo angeniuliza "mifuko mingapi" wapi, na nilikuwa nimeshamaliza kuongea?

Kuna bidhaa moja ambayo Kenya haikungoja watu waulizane kwenye ua. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti maziwa ya kopo ya watoto wachanga, inayokataza kuyatangaza kwa umma na kuyagawa kama sampuli za bure. Sheria hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilitoa kijitabu kilichoitwa The Baby Killer kuhusu jinsi makampuni yalivyokuwa yakiuza maziwa ya kopo katika nchi maskini. Mwaka 1977 Wamarekani wakaanza kususia bidhaa za Nestlé. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapitisha kanuni za kimataifa. Ukisoma kisa hicho, utaona kwamba ubaya haukuwa tu kwenye uongo wa matangazo. Ulikuwa kwenye kopo la bure. Mama anapewa kopo, mtoto anazoea chupa, maziwa ya mama yanapungua kwa sababu hayanyonywi, na kopo linapoisha mama hana njia ya kurudi. Sasa lazima anunue, na kwa kuwa ni ghali anaanza kuyachuja kwa maji mengi, tena maji yasiyo safi. Bei ilikuwepo tangu siku ya kwanza, ila ilifichwa nyuma ya ukarimu.

Sisemi simu ni maziwa ya mtoto. Simu ikijifunga hakuna anayekufa. Nasema tu kwamba kuna watu walishawahi kulitazama neno "bure" kwa makini wakaona kwamba linaweza kuwa sehemu ya bei, sehemu inayolipwa na mtu mwingine au siku nyingine.

Sasa nimtetee bloga kidogo, maana najua mtasema naringa. Kijana wa Kitale anayetengeneza video halipwi na mtu. Kampuni ikimpigia, haiulizi ada yake ni kiasi gani. Inauliza anwani ya kutumia boksi. Ripoti ya Mozilla ya mwaka 2021 kuhusu Kenya ilionyesha vijana wakilipwa kati ya dola 10 na 15 hivi ili washiriki kampeni za kisiasa za kupotosha kwenye Twitter. Ukishajua mtu huuza sauti yake kwa dola 10, utaelewa kwa nini powerbank inaonekana ni mshahara. Sheria ya Fedha ya 2023 nayo iliweka kodi ya asilimia 5 kwenye mapato ya kontenti za kidijitali, na sisi kwenye kundi letu la WhatsApp tulicheka kwa uchungu: asilimia 5 ya blenda ni kile kifuniko? Landilodi hapokei sabuni ya uso. Mwenye kibanda hakati chapati kwa hashitagi. Kampuni inajua haya yote. Tangazo ambalo lingeigharimu pesa nyingi kwenye redio inalipata kwa simu moja na utepe, na zaidi ya hapo inapata kitu ambacho redio haiuzi, yaani imani ya binamu kwa binamu. Kama kuna dhuluma humu, tumedhulumiwa wawili, mimi na cuzo, na mimi nimetumika kumfikia yeye. Lakini mimi nilibaki na simu.

Na nisiwasahau wenzangu wa fasihi, mliokuwa mkisoma hapa mkitikisa kichwa kwa huruma. Kwenye rafu yangu kuna vitabu kama arobaini. Zaidi ya nusu sikuvinunua. Nimepewa na wachapishaji, nimepewa na waandishi wenyewe siku za uzinduzi, vikiwa na sahihi na neno la upendo ukurasa wa kwanza. Nimevihakiki, vingine humuhumu katika jarida hili. Nimeandika kuhusu wahusika, kuhusu mtindo, kuhusu jinsi sura ya tatu inavyolegea. Sijawahi hata mara moja kuandika kwamba riwaya fulani ni ya 1,200, na kwamba msomaji wa Bungoma itabidi pia aongeze nauli ya kifurushi kutoka Nairobi, na kama kurasa 140 zenye chapa hafifu zinafaa pesa hiyo. Tumekubaliana kimyakimya kwamba bei ya kitabu si suala la uhakiki. Eti sanaa haina bei. Kumbe anayesema sanaa haina bei ni yule anayepewa nakala.

Nimejaribu tangu hapo, na nitasema matokeo bila kuyapamba. Nilirudi kwenye video ile nikaongeza maelezo juu kabisa: nilipewa, niliitumia siku nne, taslimu ni 16,500, polepole inafika 27,225, ukikosa siku inajifunga. Watu wachache waliyasoma. Video ya zamani haina wageni. Mmoja aliniambia nina wivu. Baada ya wiki mbili dada wa mahusiano aliyekuwa akinitumia ujumbe wenye maua aliniuliza kwa upole kama kuna tatizo. Nilimwambia hapana, na kwamba nikipata simu yao inayofuata ningependa kuifanyia rivyu ndefu, ya miezi kadhaa, ila kwa sharti moja: wasinipe. Waniuzie kwa masharti ya Kanduyi, 3,500 kwanza na 65 kila siku, na wao wanirudishie pesa zote mwisho wa mwaka ikiwa wanaona aibu. Nitarekodi kila siku ikijifunga.

Alisema atauliza ofisini. Sijasikia tena, na kundi la WhatsApp la mabloga wa kampuni hiyo sipo tena; sikuona hata dakika niliyotolewa.

Simu niliyopewa ninayo bado. Kusema kweli kamera yake ni nzuri, ile video sikuidanganya. Cuzo naye yake inafanya kazi, siku ambazo kazi ipo. Wiki iliyopita alinitumia picha ya kioo saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajawasha pikipiki. Imebaki siku 141.